Kusoma umri wa vinundu vya mizizi: mwongozo kamili kwa mkulima wa kunde, choroko na njugu Unguja na Pemba

Mkulima wa Zanzibar anayepanda kunde, choroko, mbaazi au njugu hahitaji kuambiwa kwamba mizizi ya mimea hiyo ina vinundu, kwa kuwa huviona kila anapong'oa. Wengi pia wamekwisha kusikia kutoka kwa bwana shamba au bibi shamba kwamba vinundu hivyo hurutubisha ardhi. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba kinundu kina umri wake, ulio mbali na umri wa mmea: huota, hufanya kazi kwa wiki kadhaa, huchoka, kisha huoza, na mara nyingi huwa kimekwisha kufa wakati mmea uliokibeba bado uko kijani na maganda yake yanajaa. Lini uchume majani ya mboga, lini utie mbolea ya chumvichumvi au uache kabisa, lini ukate na lini ufukie, yote haya hutegemea umri huo kuliko yanavyotegemea wingi wa vinundu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuusoma kwa kutumia jembe, ndoo ya maji na wembe, na nini kifuate baada ya kuusoma.

Kinachofanyika ndani ya kinundu

Hewa ina naitrojeni kwa takriban asilimia 78, na hakuna mmea unaoweza kuitumia ikiwa katika hali hiyo ya hewa. Wanaoweza kuigeuza ni baadhi ya bakteria, na wale wanaoishi na jamii ya kunde huitwa rizobia. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kwamba ni vinundu vinavyoiwezesha mimea hii kutumia naitrojeni ya hewani, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe. Katika kunde na choroko bakteria hupenya kupitia vinyweleo vya mizizi, ilhali katika njugu nyasa hupitia kwenye nyufa ndogo pale mzizi wa pembeni unapochomoza. Mmea huwajengea makazi na kuwalisha sukari inayotengenezwa na majani, nao huulipa kwa amonia, ambayo ndiyo malighafi ya protini.

Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho nitrojenasi, chenye madini ya chuma na molibdeni, ambacho huharibika kikikutana na oksijeni. Hapo pana tatizo, kwa sababu bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni ili wavute pumzi. Suluhisho ni leghimoglobini, protini nyekundu inayoishika oksijeni na kuigawa kidogokidogo, kiasi cha kuwatosha bakteria bila ya kukidhuru kimeng'enya. Mwaka 1939 Mjapani aitwaye Kubo alibainisha kwamba wekundu wa vinundu vya soya unatokana na protini ya ukoo mmoja na ile iliyomo ndani ya damu yetu. Mkulima hana haja ya kukumbuka majina haya, lakini akumbuke kwamba wekundu ndani ya kinundu ni alama ya kazi: ukiwapo, kazi inafanyika, ukitoweka, imesimama.

Kazi yenyewe ni ya gharama. Kwa kila gramu 1 ya naitrojeni, mmea hutumia takriban gramu 6 za kaboni iliyotoka kwenye majani. Ndiyo maana kila kinachopunguza sukari inayoshuka mizizini, kiwe kivuli, ukame, uchumaji wa majani au maganda yanayodai chakula, hukizeesha kinundu. Sukari ikipungua, utando unaowazunguka bakteria hupasuka, vimeng'enya vinavyosaga protini huachiwa, na leghimoglobini huvunjika. Mmea hukusanya kilichosagwa na kukipeleka kwenye mbegu. Baadhi ya bakteria huokoka na kurudi udongoni, na kinachobaki kwenye mzizi ni ganda tupu lililolainika.

Aina mbili za vinundu

Kabla ya kuchimba, ni lazima kujua mmea wako una kinundu cha aina gani, kwa sababu uzee hauanzi mahali pamoja.

Kunde, choroko, mbaazi, soya na njugu za aina zote mbili zina vinundu vya mviringo, vyenye umbo la punje ya mtama hadi punje ya mbaazi. Kinundu cha aina hii hukua mara moja, hufikia ukubwa wake na kusita. Katika kunde na wenzake wa karibu uzee huanzia katikati na kuenea kuelekea nje, hivi kwamba ukikipasua kinundu kilichoanza kuchoka utaona doa la kijani au la kahawia katikati, limezungukwa na pete ya waridi inayozidi kuwa nyembamba kila wiki.

Marejea, mmea unaopandwa kurutubisha ardhi, na mlusina, mti wa malisho, ni tofauti. Vinundu vyao ni virefu, na vikipata umri hugawanyika matawi kama vidole, kwa kuwa ncha yake huendelea kukua. Ukikipasua kwa urefu kinundu kizima cha marejea utauona umri wake wote kwa mara moja: nchani ni peupe, mahali seli mpya zinapozaliwa, nyuma yake pana sehemu ya waridi, ambapo naitrojeni inatengenezwa, na upande wa shina lake, pale kinaposhikana na mzizi, ni kijani kinachoelekea kuwa kahawia, sehemu iliyokwisha kuzeeka. Kwa hiyo ukijani katika kinundu cha marejea si habari mbaya maadamu waridi bado ipo mbele yake, lakini ukijani uleule katikati ya kinundu cha kunde una maana kwamba mwisho umeanza. Asiyejua tofauti hii hufukia marejea mapema mno kwa kudhani kwamba yamekwisha kazi.

Hatua ya kwanza: kuchimba bila kung'oa

Kosa linaloharibu uchunguzi wote ni kuushika mmea shinani na kuuvuta. Vinundu vimeshikwa na mzizi kwa sehemu ndogo sana, na vingi hubaki ardhini, hasa vile vya mizizi ya pembeni ambavyo ndivyo vichanga. Mkulima huondoka na mzizi mkuu pekee akidhani ameona kila kitu.

Chagua mimea mitano hadi kumi iliyotawanyika kondeni, ukiziacha safu za pembezoni, na usichague mizuri tu. Chomeka jembe umbali wa shubiri moja kutoka shinani, pande zote nne, kina cha sentimita 20 hivi, kisha nyanyua bonge zima la udongo pamoja na mmea. Kwenye ardhi ya maweni, ambako jembe hugonga jiwe, tumia muo au mtaimbo na ufuate udongo uliomo kwenye mifuko ya mawe, kwa kuwa mizizi nayo imefuata huko huko. Litie bonge ndani ya ndoo ya maji na uliache mpaka udongo ulegee wenyewe. Udongo wa kichanga hutoka mara moja. Kinamo cha bondeni kinaweza kuhitaji nusu saa na kubadilishwa maji. Usisugue. Vinundu vitakavyoanguka chini ya ndoo viokote na uvitenge, maana navyo ni sehemu ya ushahidi.

Hakikisha pia kwamba unachokiona ni kinundu. Minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, husababisha uvimbe unaofanana nacho kwa mbali. Kinundu hukaa ubavuni mwa mzizi na ukikisukuma kwa ukucha hutoka kizima, mzizi ukabaki umenyooka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na huwezi kuutoa bila ya kuukata mzizi. Ukiupasua hutaona waridi. Makonde yaliyozoea nyanya, bilingani na bamia kila msimu huwa na minyoo hiyo kwa wingi, na nimeona mara nyingi mtu akiisifu mizizi yake kwa vinundu ambavyo havikuwa vinundu hata kidogo.

Hatua ya pili: kuangalia vilipo

Vinundu vya mmea mmoja si vya rika moja. Vya kwanza huota juu, kwenye mzizi mkuu karibu na shina, na ndivyo vinavyotangulia kufa. Vinavyofuata huota chini zaidi na kwenye mizizi ya pembeni. Kwa hiyo kabla ya kupasua chochote, ulaze mmea juu ya gunia jeupe au ubao na utazame mpangilio.

Mmea wenye vinundu vikubwa vichache vilivyojikusanya juu ya mzizi mkuu ulikutana na bakteria wake mapema, jambo zuri. Mmea ambao juu hauna kitu lakini una vinundu vingi vidogo pembezoni ulichelewa, ama kwa sababu udongo haukuwa na bakteria wa kutosha karibu na mbegu, ama kwa sababu mbolea ya naitrojeni ilitiwa wakati wa kupanda, ama jua lilikausha tabaka la juu. Na mmea ambao juu una maganda matupu na pembezoni una vinundu vichanga vyenye waridi ulipata dhiki, kisha ukapona na kuanza upya. Hali hii ya tatu huonekana sana katika vuli, mvua inapoanza vizuri, ikakatika, kisha ikarudi.

Hatua ya tatu: kupasua na kusoma rangi

Tumia wembe mpya. Pasua vinundu visivyopungua kumi kwa kila mmea, vingine vya juu na vingine vya pembezoni, na utazame papo hapo, kivulini, kwa sababu kidonda kikipata hewa hubadilika rangi kwa muda mfupi na kukudanganya.

Ndani peupe au rangi ya maziwa katika mmea usiotimiza wiki tatu ni uchanga tu. Weupe huohuo katika mmea unaokaribia kutoa maua, vinundu vikiwa vingi na vidogo kama vichwa vya pini, una maana kwamba bakteria walioingia si wazuri, yaani wanakula bila ya kulipa, au kwamba mmea umekosa madini yanayohitajika. Waridi hadi nyekundu ya damu ni kinundu kilicho katika nguvu zake. Waridi iliyopauka, mithili ya maji ya kuoshea nyama, ni kinundu ambacho bado ki hai lakini kazi imepungua. Hali hii inaweza kurekebika ikiwa chanzo ni kiu ya siku chache. Kijani ni leghimoglobini iliyokwisha kuharibika, na sehemu iliyofika hapo haitarudi kuwa waridi. Kahawia au kijivu, kinundu kikawa laini na kutoa maji ya matope ukikibana kwa vidole, ni kifo.

Kuna hali moja inayowachanganya watu: ganda tupu lenye tundu dogo ubavuni, katika mmea ambao bado ni mchanga. Huo haukuwa uzee. Ni mabuu ya wadudu walioingia na kula nyama ya ndani, na kwa kawaida utayakuta matundu hayo kwenye baadhi ya vinundu huku majirani zake wakiwa wazima na wekundu.

Andika kwenye daftari, kwa kila mmea, ni vingapi kati ya vinundu kumi vilikuwa na waridi. Sita au zaidi ni dalili njema. Chini ya vitatu kabla ya maua, tafuta sababu.

Hatua ya nne: kulinganisha na kalenda ya mmea

Katika kunde na choroko zilizopandwa kwenye udongo wenye unyevu wa kutosha, vinundu vya kwanza huonekana kwa jicho kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya kuota, na waridi huanza kujitokeza kuanzia wiki ya tatu. Kazi huwa kubwa zaidi tangu maua yanapokaribia hadi maganda ya mwanzo yanapoanza kujaa. Kuanzia hapo mbegu ndizo zinazokula mwanzo, mizizi inapata makombo, na vinundu vya juu huanza kugeuka kijani. Kunde ya muda mfupi iliyopandwa mwanzo wa masika inaweza kuwa imefika hapo kabla ya mvua kwisha. Ukikuta nusu ya vinundu vimekuwa kijani wakati maganda yamejaa, usikimbilie dawa wala mbolea, kwa kuwa hicho ndicho kifo cha haki.

Njugu nyasa huchelewa kuanza na huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, hata maganda yanapojaa ardhini. Mbaazi huenda polepole katika miezi ya mwanzo. Ikiachwa kondeni kwa zaidi ya msimu mmoja, vinundu vyake vingi hufa wakati wa kiangazi na vipya huota mvua zinaporudi, hivyo kukuta maganda matupu kwenye mbaazi ya Februari hakuna maana yoyote.

Hatua ya tano: kutambua uzee wa kabla ya wakati

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapotofautiana, na hata upande mmoja wa Unguja na mwingine.

Mashariki na kusini ya Unguja, na kwenye ardhi ya mawe ya Micheweni huko Pemba, udongo ni mchache juu ya jiwe la matumbawe na una chokaa nyingi. Katika udongo wa namna hiyo chuma kipo, lakini kimefungika na mizizi haiwezi kukichukua kwa urahisi. Kwa kuwa leghimoglobini na nitrojenasi zote zinahitaji chuma, vinundu huwa vidogo, vimepauka, na huzeeka mapema. Dalili iko kwenye majani: majani machanga ya juu hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huonyesha kinyume chake, yaani majani makongwe ya chini ndiyo yanayotangulia kupauka, kwa sababu mmea huyanyang'anya na kuwapa machanga. Njugu nyasa huathirika sana na njaa hii ya chuma. Dawa ya kudumu katika maweni ni samadi iliyoiva na mboji, zitiwe palepale kwenye mfuko wa udongo unaopandwa, na majivu yapelekwe kwengine, maana majivu huongeza hali ileile ya chokaa inayokifunga chuma.

Pemba ya vilima, pamoja na maeneo mengi ya magharibi ya Unguja, hali ni nyengine. Udongo ni wa kina, umeoshwa na mvua nyingi kwa muda mrefu, na una mwelekeo wa uchachu. Uchachu huwapunguza bakteria na huifunga molibdeni, ile iliyomo ndani ya nitrojenasi. Fosforasi nayo huwa haba, na kinundu kisichokuwa na fosforasi ya kutosha hakikui. Huku ndiko majivu ya jikoni yanakostahili kupelekwa, na mbolea ya fosfeti ya Minjingu, inayotoka Tanzania Bara, huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchachu. Mbolea hiyohiyo ukiitia maweni huyeyuka kwa shida na mkulima hupoteza fedha zake.

Mabondeni, kama vile Cheju na mabonde mengine ya mpunga, adui ni maji yaliyotuama. Choroko inayopandwa baada ya kuvuna mpunga hufaidika na unyevu uliobaki, lakini mvua kubwa ikituama siku kadhaa, oksijeni haifiki kwenye vinundu na huanza kuoza kuanzia vile vya chini. Panda juu ya matuta, na ufungue mifereji kabla ya kupanda, kwani mifereji ya baada ya mafuriko huwa imechelewa.

Ukame huleta sura nyingine: vinundu hukunjamana, waridi hupauka kwa siku chache, na vikikaa hivyo kwa muda mrefu huwa kijani vyote kwa pamoja, vya juu na vya pembezoni, bila ya mpangilio wa rika niliouelezea. Kufa kwa pamoja ndiyo alama ya dhiki. Kufa kwa zamu, vikubwa kwanza, ni umri.

Kivuli nacho kisidharauliwe. Kunde iliyo chini ya mikarafuu iliyoshikana, au katikati ya muhogo uliokwisha kufunga majani, haina sukari ya kupeleka mizizini, na vinundu vyake huzeeka mapema hata kama udongo ni mzuri. Chini ya minazi mirefu iliyopandwa kwa nafasi mwanga huwa wa kutosha. Katika muhogo, panda kunde pamoja nao au mara tu baada yake, ili maganda yawe yamejaa kabla ya muhogo kutanda.

Hatua ya sita: kuamua

Majani ya mboga. Majani ya kunde ni kitoweo chetu, na hakuna atakayekubali kuyaacha. Lakini kila jani ni jiko la sukari ya vinundu, na mmea ulionyolewa mara moja huanza kupoteza vinundu ndani ya siku chache. Chuma majani machache kwa kila mche, yale machanga ya ncha, uyaache mapana yaliyokomaa, na upumzishe mche kabla ya kuurudia. Uchumaji mzito usimame maua yanapotokea. Afadhali zaidi ni kutenga safu za mboga na safu za mbegu: safu za mboga zitachumwa bila huruma, na hakuna atakayetegemea naitrojeni kutoka kwao.

Mbolea ya chumvichumvi. UREA ikitiwa katika kunde yenye vinundu vyekundu hufanya hasara mara mbili. Mmea ukipata naitrojeni ya bure udongoni hupunguza sukari inayokwenda kwenye vinundu, waridi hupauka, na vipya havioti. Ikiwa vinundu vina waridi, usitie. Ikiwa ni vyeupe au vimekufa kabla ya maua na majani ya chini yanageuka manjano, hapo kiasi kidogo kinaweza kuokoa mavuno, kwa kuwa hakuna cha kuharibu. Ikiwa maganda yamekwisha kujaa, fedha hiyo ibakie mfukoni.

Kukata au kung'oa. Kunde na choroko zikatwe kwa mundu usawa wa ardhi, mizizi ibaki na maganda ya vinundu vyake yaozee humohumo. Njugu hazina budi kung'olewa, basi majani na mizizi yake yarudishwe kondeni baada ya kupukuchua. Hata hivyo, tusijidanganye kuhusu kiasi kinachobaki. Kunde kavu ina protini karibu robo ya uzito wake, na protini ina naitrojeni kwa asilimia 16, kwa hiyo gunia la kilo 100 linaondoka na takriban kilo 3.7 za naitrojeni, sawa na iliyomo ndani ya kilo 8 za UREA. Vinundu vilivyozeeka wakati wa maganda vilikuwa vinalijaza gunia hilo. Ukiuza punje na kuwapa ng'ombe au mbuzi majani yote, ardhi inaweza kubaki na kidogo kuliko ilivyokuwa nacho, isipokuwa samadi irejee kondeni.

Kufukia. Anayepanda kunde au marejea kwa ajili ya kurutubisha ardhi afukie maua yanapoanza, wakati vinundu vingi vina waridi na naitrojeni iko kwenye majani, bado haijahamia kwenye mbegu. Akisubiri maganda, atakuwa amekula kunde na kufukia makapi. Aache wiki mbili hivi kabla ya kupanda zao linalofuata. Kwa konde la mpunga, asifukie mapema sana kabla ya mvua, kwa sababu majani mabichi huoza upesi katika joto letu, naitrojeni hugeuka kuwa naitreti, inayoyeyuka kwa urahisi katika maji, na maji ya kwanza makubwa ya masika huondoka nayo.

Mlusina na miti mingine ya jamii hii inayokatwa kwa ajili ya malisho hufuata sheria ileile ya majani kwa ukali zaidi: ukiunyoa mti wote, sehemu kubwa ya vinundu vyake hufa na hurejea polepole matawi yanapochipua. Katika kila mti acha tawi moja au mawili yenye majani, au kata nusu ya safu na kuirudia nusu ya pili baadaye.

Msimu unaofuata

Bakteria waliotoka kwenye vinundu vilivyooza hubaki udongoni, na kunde huwa haichagui sana, hivyo konde lililopandwa kunde mara kwa mara kwa kawaida halihitaji chanjo ya bakteria, yaani bakteria wanaochanganywa na mbegu kabla ya kupanda. Soya ndiyo inayochagua, na anayeijaribu kwa mara ya kwanza atafute chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya soya, aihifadhi mahali pa baridi pasipo na jua, aichanganye na mbegu kivulini na kupanda siku hiyohiyo. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu inaweza kuwaua bakteria hao kabla hawajafika udongoni, kwa hiyo muulize muuzaji. Ushauri wa aina ya mbegu na chanjo huombwa kwa maofisa wa kilimo wa wilaya au kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Kizimbani.

Wako wanaochukua pakacha la udongo kutoka konde kongwe la kunde na kulinyunyizia konde jipya lisilowahi kupandwa jamii hii. Njia hiyo hufanya kazi, kwa kuwa udongo huo umejaa bakteria. Lakini chimba kwanza mimea michache ya konde hilo kongwe na ukague mizizi yake kama ilivyoelezwa katika hatua ya kwanza; ukikuta uvimbe wa minyoo fundo, udongo huo usihamishwe hata ukiwa mweusi na mzuri namna gani.